Mume amesaini mauzo kwa sababu ya mkopo, mimi sikusaini

*Shangazi, mume wangu alikopa milioni 8 kwa mkopeshaji binafsi, akamwachia hati ya kiwanja tunachoishi hapa Bugembe, Jinja, na kusaini karatasi ya mauzo. Deni limemshinda. Juzi jamaa kaja na mpima ardhi. Mimi sikusaini chochote. Kijana wetu wa miaka 24 anasema atamzuia. Tuna haki gani? Mama K.*

Mama K, pole. Kabla ya deni, nakuuliza: mna ndoa? Ya kanisani, nikahi, ya bomani au ya kimila, zote sawa. Kuishi pamoja tu, hata miaka 20, sheria ya Uganda haikuiti mke. Kama ni ya kimila na hamkuiandikisha kaunti ndogo, ndoa haivunjiki kwa hilo, ila watafute mapema wazee waliopokea mahari waandike na kusaini ushahidi wao.

Ndoa ikiwepo, una nguvu kuliko unavyodhani. Sheria ya Ardhi inakataza mtu kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi au inapatia riziki bila mwenzi wake kuridhia kwanza. Asiporidhia, mauzo ni batili, hata kama mnunuzi hakujua. Atamdai mumeo fedha zake, kiwanja hapati.

Omba nakala ya mkataba, utazame pale pa kusaini mke. Usishangae ukikuta jina la wifi yako, au dole gumba lisilo na mwenyewe. Na ukiletewa "karatasi ya kuongeza muda" usaini, kataa: ridhaa yako inaweza kufichwa humo.

Kisha nenda ofisi ya ardhi ya kanda pale Jinja na namba ya ploti, ulipie upekuzi ujue hati iko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni la mumeo, weka kaviati (zuio la kuuzwa au kuhamishwa ardhi) bila kuchelewa, pamoja na kiapo na nakala ya cheti cha ndoa. Andika wazi kwamba unaiweka kama mwenzi, kwenye ardhi ya familia. Kaviati ya kawaida huweza kuondolewa kwa notisi ya siku 60; ya mwenzi haianguki maadamu haki yako ya kuishi hapo ipo. Ukiijaza kama mdai tu, kinga hiyo umeitupa.

Ikiwa jina limeshabadilishwa, kaviati peke yake haikutoshi. Fungua kesi Mahakama Kuu, maana ndiyo yenye uwezo wa kufuta hati, na uombe amri ya muda ya kuzuia msihamishwe. Kwa wakili wa bure, jaribu FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake. Akija mtu na barua yenye muhuri wa LC1 (baraza la kijiji) kuwatoa, hiyo si amri ya mahakama.

Kijana wako atulie. Zamani watoto wakubwa nao walitakiwa kuridhia, lakini marekebisho ya 2004 yaliwaondoa. Jina lake lisipokuwemo kwenye hati, kazi yake ni kutoa ushahidi, si kugombana na mpima getini.

Na deni lipo palepale, la mumeo. Aandikiane na jamaa mpango mpya wa malipo usiotaja kiwanja, alipe kwa benki au simu, asimpe pesa mkononi.