Kwa watoto wadogo, kijiji kwanza, miteremko baadaye

Swali la wiki lilikuwa hili: familia yenye watoto wa chini ya miaka sita, inayokwenda kwenye skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, katika milima ya Alpi kwa mara ya kwanza, ichague vipi kijiji cha kufikia? Naishi Basel, nina watoto wadogo, na kila mwaka ikikaribia Novemba ndugu na marafiki walioko Ujerumani, Uholanzi na hata Nairobi hunipigia simu kuuliza hilohilo. Mniruhusu nijibu kwa kirefu.

Matangazo ya vituo vya skii karibu yote huanza na urefu wa miteremko. Portes du Soleil, eneo linalounganisha vijiji vya Ufaransa na Uswisi, hujivunia kilomita kama 600. Hesabu hiyo ni ya watu wazima wanaojua kuteleza. Mtoto wa miaka minne atashinda kwenye kiwanja kimoja kilichozungushiwa wavu, chenye mkanda unaosogea wa kumpandisha juu taratibu, na baada ya saa mbili au tatu atataka kakao ya moto na usingizi. Kitakachoamua kama wiki itakuwa ya furaha ni umbali kati ya kitanda chake, shule ya skii, choo na mahali pa kupata joto. Hapo ndipo ningeanzia, na mengine yote ningeyapima kwa hapo.

Fikirieni asubuhi yenyewe. Viatu vya skii ni vigumu, havikunji, na mtoto hutembea navyo kwa shida hata sebuleni. Mzazi amebeba skii za mtoto, kofia ngumu na begi la nguo za kubadilisha, na kabla hamjafika mbali amembeba na mtoto mwenyewe, barabara ikiwa na barafu. Nyumba iliyotangazwa kuwa "karibu na lifti", yaani mtambo wa kuwapandisha watu mlimani, inaweza kuwa karibu kwa kijana wa miaka ishirini. Mpigie mwenye nyumba umuulize: mtoto aliyevaa viatu vya skii atatembea dakika ngapi, na je, kuna kilima? Akikuambia kuna basi la bure, muulize basi hilo linakuwaje saa tatu asubuhi mwezi wa Februari. Kusimama kwenye basi lililojaa, mkono mmoja umeshika skii na mwingine mtoto anayelia, ni jambo la kuepuka kama kuna njia nyingine.

Kwa sababu hiyo napenda vijiji visivyoruhusu magari. Mtoto anaachiwa mkono, anavuta sleji yake mwenyewe, kile kigari cha theluji kisicho na magurudumu, katikati ya kijiji, na mzazi anapumua.

Wengen, katika jimbo la Bern, ndicho ninachokijua vizuri zaidi. Kiko mita 1,274 juu ya usawa wa bahari, na hufikiwa kwa treni ya meno, inayoshika reli kwa gurudumu lenye meno ili isiteleze, inayopanda kutoka Lauterbrunnen. Reli hiyo imekuwapo tangu 1893. Gari mnaliacha bondeni, au hamji nalo kabisa. Uswisi watoto wa chini ya miaka sita hupanda treni bure wakiwa na mzazi, na kwa wakubwa kidogo kuna kadi ya gharama ndogo ya kusafiri na wazazi wao. Kiwanja cha wanaoanza kiko katikati ya kijiji, kwa hiyo mama anayenyonyesha anaweza kukaa dirishani akamwona mkubwa wake akijifunza. Waingereza wamekuwa wakija hapa kwa skii kwa zaidi ya miaka mia moja, na Kiingereza kinasikika kila mahali, jambo linalowasaidia wageni wanaotoka kwetu.

Serfaus, katika Tyrol ya Austria, wamelitatua tatizo la umbali kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Tangu 1985 kijiji hicho kidogo kina treni ya chini ya ardhi inayoelea juu ya tabaka la hewa. Ina urefu wa kilomita moja na robo hivi, ni ya bure, na huwatoa watu kwenye maegesho mwanzoni mwa kijiji hadi kwenye magari ya kebo. Watoto huipenda hiyo treni kuliko skii zenyewe! Eneo kubwa la watoto liko juu, Komperdell, karibu mita 2,000, kwa hiyo theluji yake ni ya uhakika zaidi, na jioni mnarudi kulala chini, kama mita 1,400. Serfaus na wenzao wa vijiji jirani vya Fiss na Ladis wamejijenga kwa ajili ya familia kwa makusudi, na bei zao zinaonyesha hivyo. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano sijui mahali palipopangwa vizuri zaidi.

Upande wa Ufaransa ningetaja Avoriaz. Ni kijiji kilichojengwa kuanzia miaka ya 1960 kwenye mita 1,800; magari hubaki mwanzoni mwa kijiji, na mizigo hubebwa kwa sleji za farasi. Kijiji cha watoto kilichopo katikati, yaani eneo la kuwafundishia skii, kilianzishwa na Annie Famose, aliyepata medali mbili katika Olimpiki ya Grenoble ya 1968. Majengo yenyewe ni maghorofa ya mbao, na wanaotafuta kanisa la kale na zizi la ng'ombe hawatayapenda. Lakini unatoka mlangoni ukakanyaga theluji.

Sasa mwinuko, na hapa nazungumza na wazazi wenzangu Waafrika hasa. Vitabu vya safari vinavyoandikwa huku havitaji selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, lakini katika familia zetu ugonjwa huo upo. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa yenye oksijeni kidogo ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali kwa mgonjwa wa selimundu, na mlimani yote matatu hukutana. Mwenye mtoto wa namna hiyo azungumze na daktari wake kabla ya kulipia chochote, na hata mwenye kubeba chembe ya urithi tu aulize, kwani kwenye mwinuko mkubwa bandama nayo inaweza kupata madhara. Kama hamjawahi kupimwa, hii ni sababu nzuri ya kupima. Kwa watoto wengine wote, kulala chini na kupanda mchana ndiyo njia ya upole. Val Thorens, kituo cha skii cha Ufaransa, iko mita 2,300. Theluji yake haina shaka, ila watoto wengi hulala vibaya siku za mwanzo wakiwa juu hivyo. Mtoto mchanga anyonyeshwe au apewe chupa gari la kebo linapopanda, masikio yasimuume. Na msimbebe mgongoni kwa matembezi marefu: anayetembea anatoka jasho, mtoto aliyekaa tuli miguu inaganda bila yeye kujua kusema.

Jua nalo lisidharauliwe kwa sababu ya rangi yetu. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na ukali wake huongezeka kadiri mnavyopanda. Ngozi nyeusi huungua, na rangi ya ngozi hailindi macho. Miwani ni lazima kwa kila mtoto, hata wa miezi michache aliyeko kwenye kigari.

Kuhusu shule ya skii, msiulize sifa zake, ulizeni mambo madogo. Wanapokea kuanzia umri gani? Ufaransa shule nyingi zina bustani ya theluji ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Kundi moja lina watoto wangapi, na chakula cha mchana ni nini? Familia za Kiislamu zitaje mapema kwamba mtoto hali nguruwe, maana soseji ni chakula cha kila siku huku. Mwalimu anazungumza lugha gani? Mtoto anayeelewa Kiswahili na Kiingereza tu akiwekwa kwenye kundi la Kijerumani anaweza kufurahi sana, mradi ajue kuomba kwenda chooni. Mfundisheni sentensi hiyo moja kabla ya safari. Na mjue kwamba rangi za miteremko hazifanani kila nchi. Ufaransa kuna kijani kwa wanaoanza, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Uswisi, Austria na Italia huanzia bluu, kwa hiyo bluu ya kule inaweza kuwa ndiyo rahisi kuliko yote au ikamshtua mgeni.

Wapo wanaoniambia kwamba skii si mchezo wetu. Siwaelewi. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akaletwa Austria akiwa mtoto mdogo, akajifunza kuteleza huko, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya PyeongChang. Mtoto hajui mchezo ni wa nani. Anajua kama viatu vinambana au la. Jambo moja tu la kwetu lizingatiwe: nywele. Kofia ngumu haikai juu ya mafundo wala shanga. Msukeni twende kilioni zilizolala kabisa, na kofia ikakodiwe akiwa tayari amesukwa. Italia kofia hiyo ni lazima kisheria kwa watoto, na kwingine kote ningeifanya lazima mwenyewe.

Halafu ulizeni asiyeteleza atafanya nini. Katika familia zetu kuna bibi aliyekuja kutembea, kuna mama mjamzito, kuna baba asiyetaka kabisa kuvaa skii. Kijiji kizuri kina njia za matembezi zilizoshindiliwa ambazo kigari cha mtoto kinapita, kina mteremko wa sleji, na kina gari la kebo linaloruhusu mtu wa miguu apande, anywe chai juu, ashuke. Wengen inashinda hapa: bibi anapanda treni hadi Kleine Scheidegg, anautazama mlima Eiger kwa karibu, na hajalowesha hata soksi. Mahali ambapo kila kitu ni kwa wenye skii tu, nusu ya ukoo itashinda chumbani.

Fedha nitazipitia haraka. Chukueni nyumba yenye jiko, kodini vifaa badala ya kununua kwa kuwa mguu wa mtoto hauzuiliki kukua, na msinunue tiketi ya eneo zima wakati kiwanja cha wanaoanza kina tiketi yake ya bei nafuu, pengine ni bure. Wanaokuja na viza ya Schengen wana bima ya euro 30,000 tayari, lakini waisome kama inahusu michezo ya theluji na kuokolewa mlimani kwa helikopta.

Wakati wa kwenda una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Februari ni likizo za shule za Ufaransa, Uswisi na sehemu kubwa ya jirani zao, na Jumamosi za mwezi huo barabara za kupanda milimani hujaa kabisa. Wenye watoto ambao hawajaanza shule wana uhuru ambao miaka michache ijayo wataukosa. Wautumie.

Mkiniuliza nitaje safari moja tu kwa familia isiyowahi kuona theluji, nitasema Wengen, juma la mwisho la Januari, mbio za skii za Lauberhorn zinazofanyika hapo kila Januari zikishapita na umati umeondoka, kabla likizo hazijaanza. Mpigie simu shule ya skii kwanza, kwani nafasi za watoto wa miaka mitatu na minne huwa chache, na mkishaipata ndipo mtafute chumba kilicho karibu na kiwanja chake.

Msomaji, Basel, Uswisi