Pikipiki ya mtoto ya magurudumu manne haitoi cheche

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya mtoto ya magurudumu manne, ya Kichina, cc 110, inawashwa kwa stata. Tuliiosha Jumamosi, na tangu hapo stata inazungusha vizuri lakini haiwaki. Nimebadilisha plagi, bado cheche hakuna. Fundi wa mtaani kwetu anasema ninunue CDI, yaani kiboksi kinachoamuru cheche, na koili inayokuza umeme wa plagi. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu bado. Neno lililonishtua kwenye maelezo yako ni "tuliiosha".

Pikipiki hizi zina vizimio vingi kuliko bodaboda: ufunguo, kitufe chekundu cha kwenye usukani, kamba ya nyuma ambayo mzazi huivuta mtoto akizidisha mwendo, na nyingine zina rimoti. Kwa kawaida vyote huishia kwenye waya mmoja unaoingia kwenye CDI, na waya huo ukigusa bodi (chuma cha pikipiki) tu, cheche inakufa. Maji yakituama ndani ya kitufe, ni sawa na mtu aliyekibonyeza asikiachie.

Kwa hiyo tafuta CDI, kile kiboksi cheusi chenye waya tano au sita. Wa kuzimia mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoe huo peke yake. Funga koki ya petroli, fungua plagi, ivishe kepu yake, ibane kwenye chuma kitupu cha injini mbali na tundu ilikotoka, kisha piga stata. Kepu ishike kwa koleo yenye mpira, maana umeme wake unapiga kweli. Plagi ibaki nje: waya huo ukiwa umechomolewa, injini ikiwaka ufunguo hautaizima.

Cheche ikitoka, CDI, koili na magineti (kifaa cha kwenye injini kinachozalisha umeme) havina kosa. Rudisha waya, halafu chomoa soketi za vizimio kimoja kimoja, ukianza na kitufe cha usukani. Kile ambacho ukikichomoa cheche inarudi, ndicho kibovu. Kifungue, kikaushe, ukwangue kutu. Kikiwa kimeliwa, badilisha. Bei yake haifiki ya CDI.

Cheche isipotoka, angalia waya wa kijani, ambao kwenye mashine hizi ndio ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye bodi: boliti yake ikiota kutu, hakuna kitakachofanya kazi. Fungua kepu ya plagi, kata milimita tano za mwisho za waya wa koili, uifunge upya. Kisha ndipo ushike mita ya kupimia umeme. Koili ya magineti inayolisha CDI isome ohm mia kadhaa. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, imekufa. CDI iwe ya mwisho, na uijaribu kwa kuazima yenye soketi na mpangilio uleule wa waya. Injini nyingi za aina hii zimeigwa kwa Honda Cub, kwa hiyo fundi wa pikipiki ndogo hatazishangaa.

Nakuomba jambo moja kama mzazi. Wapo watakaokushauri uuache ule waya umechomolewa kwa kuwa inawaka. Kataa. Mtoto akishikwa na hofu husahau breki na kukaza mkono kwenye mafuta, na hapo kamba ya nyuma ndiyo inayobaki mikononi mwako. Ukishamaliza, inua magurudumu ya nyuma juu ya tofali, washa, vuta kamba. Isipozima papo hapo, mtoto asipande.