Kiwanja changu kibaki wazi kwa umma hata nikifa: nitumie hati gani?

SWALI: Wakili, salaam. Nina kiwanja kikubwa kilichozungukwa na nyumba za watu. Kwa miaka mingi nimewaachia majirani wakitumie: watoto wanacheza mpira, wazee wanapumzika chini ya miti, na kuna njia ya miguu inayokikata katikati. Sitaki kukiuza, na sitaki wanangu wakiuze nikishafariki. Jirani mmoja ananiambia niandikie halmashauri barua kwamba nimekitoa kwa umma, basi. Mwingine anasema niweke kwenye wosia. Nani yuko sahihi? Na nikishakitoa, nitaendelea kuwa mwenye mali?

JIBU: Mzee wangu, barua peke yake inaonyesha nia tu, na nia haifungi mikono ya warithi. Wosia una nguvu zaidi, ila una kasoro zake. Unaweza kubadilishwa hadi siku ya mwisho, madeni ya marehemu hulipwa kwanza, na warithi wanaweza kuupinga. Kubwa kuliko yote, halmashauri ikikataa kukipokea kiwanja, wewe hutakuwepo kujadiliana nayo. Jambo hili lifanye ungali hai, na wosia uutumie kuziba mianya itakayobaki.

Majina ya hati hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini swali la msingi ni lile lile. Mtu akija na matofali miaka 50 ijayo, nani atakuwa na haki ya kwenda mahakamani kumzuia? Kama jibu ni "hakuna" au "huyo huyo anayetaka kujenga", hati yako haina meno hata ikipambwa kwa mihuri kumi.

Nianze na hali ilivyo sasa, maana swali lako lina neno moja linalonishtua: "nimewaachia". Nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza zina kanuni ya zamani kwamba ardhi inaweza kuwa ya umma hata bila hati ya kuihamisha, mradi mwenyewe aonyeshe nia ya kuitoa na umma uipokee, hata kwa kuitumia tu. Mahakama Kuu ya Marekani ililikubali hilo mwaka 1832 katika kesi ya eneo la wazi la mji wa Cincinnati. Uingereza nayo, sheria ya barabara ya mwaka 1980 inasema njia ikitumiwa na umma miaka 20 mfululizo, kama haki yao, inahesabiwa kuwa imetolewa, isipokuwa mwenyewe athibitishe kwamba hakukusudia hivyo. Ndiyo maana mtaa wa Rockefeller Plaza, New York, ambao ni mali ya binafsi, umekuwa ukifungwa siku moja kwa mwaka, ili asije mtu akadai umeshakuwa wa umma.

Lakini anayepita au kucheza kwa ruhusa yako hapati haki hata akikaa miaka 40. Ruhusa hutolewa na huondolewa. Kwa hiyo ukarimu wako wa miaka yote hii, kisheria, huenda haujawajengea majirani chochote, na mwanao anaweza kuiondoa ruhusa hiyo siku moja baada ya mazishi. Hapo ndipo hati inapohitajika.

Njia inayowajia wengi kwanza ni hati ya zawadi: unaihamishia halmashauri ardhi moja kwa moja. Ni safi, ni ya haraka, na mzigo wa kodi na matunzo unakutoka. Umiliki nao unakutoka. Tatizo ni kwamba mpokeaji naye ni mwenye mali, na mwenye mali huuza. Huko Shrewsbury, Uingereza, halmashauri ya mji iliuza mwaka 2017 sehemu ya uwanja wa burudani uliokuwa chini ya amana ya umma, na haikutoa tangazo ambalo sheria inalidai kabla ya kuuza ardhi ya aina hiyo. Mnunuzi akapewa kibali cha kujenga nyumba. Mkazi mmoja alipambana hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2023 ilisema haki za umma hazikufa kwa mauzo yale, na kibali kikafutwa. Wananchi walishinda, sawa, lakini baada ya miaka ya kesi, kwa jambo ambalo kumbukumbu zilizotunzwa vizuri zingelizuia asubuhi moja. Ukitoa zawadi, lile neno "amana kwa matumizi ya umma" lionekane ndani ya hati yenyewe na kwenye daftari la ardhi, mahali ambapo kila mnunuzi lazima atazame.

Wengi hujaribu kujikinga kwa sharti la marejeo: ardhi ikitumika kwa jambo jingine, irudi kwa familia. Mimi silipendi. Linawapa warithi faida pale zawadi inapovunjika, na sharti likiwa finyu linaweza kuivunja zawadi lenyewe. Kisa kinachojulikana ni cha Macon, jimbo la Georgia. Seneta Augustus Bacon aliuachia mji bustani kwa wosia wa mwaka 1911, kwa sharti la kibaguzi kwamba iwe ya Wazungu tu. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema bustani hiyo haiwezi kuendeshwa kwa ubaguzi. Mahakama za Georgia hazikukubali kulifuta sharti na kuibakiza bustani. Zilisema lengo la mtoaji limeshindikana, ardhi irudi kwa warithi, na mwaka 1970 uamuzi huo ukathibitishwa. Mji ukapoteza bustani yote. Najua huna nia ya kumbagua mtu, ila hata sharti la kawaida kama "kwa mchezo wa mpira pekee" lina hatari ya namna hiyo hiyo siku watoto wakihamia mchezo mwingine.

Njia ninayoipendelea kwa mtu kama wewe ni kubaki na umiliki na kutoa haki ya kudumu juu ya ardhi hiyo. Unasaini hati inayompa mshika haki, yaani halmashauri au taasisi ya hisani, uwezo wa kuzuia ujenzi daima, na hati hiyo inasajiliwa juu ya hati miliki yako. Unaweza kuuza, unaweza kurithisha, lakini atakayepokea anapokea na kifungo chake. Marekani iliandaliwa sheria ya mfano ya haki za namna hii mwaka 1981, na majimbo mengi yana sheria zake. Hapa kuna mtego: hati ya kulinda mazingira inaweza kuzuia ujenzi bila kumruhusu mtu yeyote kuingia. Ukitaka watu waingie, andika waziwazi kwamba wataingia. Uingereza mwenye ardhi ana njia mbili nyingine za hiari. Sheria ya mwaka 2000 inamruhusu kuitoa ardhi kwa watu kuingia kwa miguu, na uamuzi huo hautenguliki, na unawafunga hata warithi. Ya mwaka 2006 inamruhusu kuomba ardhi yake isajiliwe kuwa uwanja wa kijiji, ambapo kujenga juu yake kunakuwa kosa la jinai. Uulizie kama kwenu kuna kitu cha kufanana.

Ya mwisho ni wadhamini. Unahamisha kiwanja kwa bodi iliyosajiliwa, yenye katiba inayosema kazi yake ni hiyo tu. National Trust ya Uingereza ilianza hivyo mwaka 1895 kwa kupewa kipande cha mlima huko Wales, na tangu mwaka 1907 ina uwezo wa kisheria wa kutangaza ardhi yake kuwa haiuziki. Kwa Mwislamu, wakfu unafanya kazi ya karibu na hiyo: mali haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Mutawali huisimamia bila kuimiliki.

Ningekuwa naandaa hati yako, ningetenganisha umiliki na ulinzi. Kiwanja kiwe chako na baadaye cha wadhamini, na haki ya kuzuia ujenzi iwe mikononi mwa halmashauri. Wadhamini wakilala, halmashauri inashtaki. Halmashauri ikitaka kujenga yenyewe, inakuta ardhi si yake. Kifungu kikuu kingesomeka hivi:

"Ardhi iliyoonyeshwa kwa mstari mwekundu katika ramani iliyoambatishwa itabaki wazi daima kwa ajili ya mapumziko, michezo na matembezi ya umma, bila ubaguzi na bila malipo. Hakuna jengo litakalosimamishwa isipokuwa lile dogo linalohitajika kwa matumizi hayo. Lengo hili likishindikana, ardhi itatumika kwa lengo la umma lililo karibu zaidi nalo, wala haitarudi kwa mtoaji au warithi wake."

Angalia "mstari mwekundu". Mpima aende uwanjani na aweke alama. Migogoro mingi ya maeneo ya wazi haianzi na mtu kulichukua eneo lote. Inaanza na uzio wa jirani unaosogea hatua mbili kila anapoujenga upya. Angalia pia "jengo dogo". Usipoliruhusu, hata choo cha umma kitakuwa uvunjaji wa hati.

Kuhusu matunzo nitakuwa mfupi: halmashauri nyingi hukataa zawadi za ardhi kwa sababu ya gharama za kufyeka, kusafisha na kulipa fidia mtu akiumia. Ukitenga fedha kidogo ziende pamoja na kiwanja, mazungumzo hubadilika. Waulize pia nani atakata bima, maana kama umiliki unabaki kwako, dai la mtoto aliyeangukiwa na tawi linaweza kuja kwako.

Kabla ya kumwona yeyote, fanya upekuzi kwenye daftari la ardhi. Kama kuna rehani, mwenza wa umiliki, mpangaji mwenye mkataba au mke mwenye haki juu ya mali hiyo, idhini yake ya maandishi ndiyo hati ya kwanza kwenye faili. Benki uiendee kabla ya halmashauri. Rehani iliyosajiliwa mapema inaweza kuishinda haki uliyoisajili baadaye, na kiwanja kikipigwa mnada, mnunuzi atakichukua bila kifungo chochote cha umma.