Shangazi, ninapekua simu yake usiku

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Mchumba wangu wa kwanza alikuwa na mwanamke mwingine kwa miaka miwili, na rafiki zangu wote walijua, hata yule niliyekuwa namwita dada. Wa pili alinikopa akiba yangu yote akapotea, namba yake haipatikani hadi leo. Sasa nina miezi minane na mwanamume mpole ambaye hajanikosea lolote. Lakini usiku akilala nachukua simu yake napekua. Namba ya siri alinipa mwenyewe. Sijawahi kukuta kitu. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mwanga wa simu umenipiga usoni, nikamsikia akisema taratibu: "Ukitaka kuangalia, niamshe tuangalie pamoja." Nililia hadi asubuhi. Nimwache kabla hajaniumiza? Au mimi ndiye niliyeharibika?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye swali lako la mwisho moyo unaniuma. Kwa hiyo naanza na hilo: hukuharibika.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi huitumia methali hii kumcheka mwoga, na mimi sijawahi kuona cha kuchekwa hapo. Mtu huyo aliumwa kweli. Mwili wake umejifunza kumlinda, ila umejifunza kupita kiasi, na sasa kila kitu chembamba kilicholala njiani anakiona nyoka. Wewe ulidanganywa miaka miwili, kisha ukaporwa na mtu uliyemfungulia moyo upya. Ningeshangaa kama ungekuwa unalala usingizi wa raha.

Sasa hiyo simu. Unapekua, hukuti kitu, na badala ya kutulia unapekua tena kesho yake. Shida ni kwamba simu inaweza kukuonyesha kosa, lakini haiwezi kukuonyesha uaminifu. Hakuna ujumbe utakaousoma useme basi, nimeridhika. Ukikuta pasafi, utajiambia amefuta. Kazi hiyo haina mwisho, na kila usiku unaoifanya unaamka umechoka na una aibu zaidi.

Kuna sentensi umeipita mbio, nami ndiyo iliyonishika: rafiki zangu wote walijua. Mlikaa pamoja mkicheka, wenzako wanajua, wewe hujui. Aliyepitia hilo hapotezi imani kwa mwanamume peke yake. Anapoteza imani na macho yake. Anajiuliza, nilikuwa wapi? Niliachaje kuona? Naamini hiki ndicho kidonda chenyewe, mwanangu. Huyu wa sasa unamshuku kwa sababu huna hakika kwamba, akikudanganya, utagundua. Ndiyo maana hata angekuapia kila asubuhi, viapo vyake visingekusaidia. Macho yako ndiyo yanayohitaji kurudishiwa heshima.

Fanya hivi. Chukua daftari, uchore mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ulichokiona kwa macho au kukisikia kwa masikio. Kulia andika ulichokihofia. Alisema atarudi saa 12 akarudi saa 2: hicho umekiona, kiandike kushoto. Alikuwa kwa mwanamke mwingine: hicho umekihofia, kinakwenda kulia. Alipiga simu kueleza amechelewa kabla hujauliza: kinarudi kushoto. Mwanzoni utaona vigumu kuvitenganisha, maana hofu huongea kwa sauti ya mtu anayejua. Endelea tu.

Na uandike kwa haki. Kama upande wa kushoto utaanza kujaa uongo, ahadi zinazovunjwa bila maelezo, dharau, au haraka ya kutaka pesa zako, hiyo si hofu tena. Ondoka, wala usingoje ruhusa yangu. Sikufundishi kuvumilia ubaya. Nataka ukiondoka uwe umeondoka kwa ulichokiona.

Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver walichukua nadharia ya daktari wa akili John Bowlby kuhusu jinsi mtoto anavyofungamana na mlezi wake, wakaitazama katika mapenzi ya watu wazima. Waliona wapo wanaotulia kwa wapenzi wao, wapo wanaong'ang'ania kwa hofu ya kuachwa, na wapo wanaokaa mbali wasije wakaumizwa. Wewe nakuona katika hizo mbili za mwisho kwa pamoja: usiku unang'ang'ania simu, mchana unataka kumwacha. Kinachonipa moyo ni kwamba hali hizi si chapa ya kudumu. Mtu akikaa muda na mwenzi, rafiki au mshauri nasaha ambaye leo yuko kama alivyokuwa jana, hubadilika polepole. Kama usingizi umekupotea kabisa, mtafute mshauri nasaha mapema, usisubiri uzidiwe.

Halafu, nani alikwambia kuamini ni kutoa vyote siku moja? Mpe kwa kipimo. Mweleze huzuni moja ndogo, uone anaibeba vipi. Je, anaitunza, au mkigombana anakurushia usoni? Akiitunza, mpe nyingine. Akiba yako iache kwenye akaunti yako, na asikuambie mtu kwamba hiyo ni kutompenda. Unaweza kumwamini mtu na machozi yako miaka mingi kabla hujamwamini na fedha zako.

Huyo uliyemwita dada, wala huna haja ya kumsamehe ndipo upone. Mwache alipo kwanza.

Unauliza umwache kabla hajakuumiza. Ukimwacha leo utakuwa umejipa maumivu ya hakika kwa kuyakimbia yale ambayo huenda yasije kabisa. Kwangu hiyo ni hasara.

Nimefikiria sana maneno yake ya usiku ule. Mtu anayeamka akakuta mwenzake anapekua simu yake angeweza kufoka, au kununa siku tatu. Huyu alisema tuangalie pamoja. Hilo umelisikia kwa masikio yako, kwa hiyo liandike kushoto, liwe la kwanza kabisa. Ila naye ni binadamu, atachoka kushukiwa kwa makosa ya watu asiowajua. Mweleze kabla hajachoka, mchana, mkiwa mmetulia: "Niliwahi kudanganywa vibaya, na usiku hofu hunijia. Ikinijia sitashika simu yako. Nitakuamsha. Hutahitaji kunithibitishia chochote, nishike mkono tu mpaka ipite."

Kisha ikija, mwamshe kweli. Usiku wa kwanza mkono utataka kwenda kwenye simu, najua. Upeleke begani kwake.

Uniandikie baada ya miezi mitatu, daftari likiwa mkononi. Nataka unisomee upande wa kushoto.

Ni mimi,
Shangazi yako