Barua kwa mwanangu: bia na yule mwenzio alieanguka

Babaangu, hapa Wete salama, mvua tu ndo inatuzengea na karafuu zetu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Umesema huyo mwenzio hapo hotelini Nungwi kapiga bia tano usiku, asubuhi yuko kazini jasho likamtoka akaanguka, nyie mkasema bado kalewa mkampa kahawa chungu, alafu unaniuliza, mama, kwani pombe si inatoka na mkojo tu? Ya halali na haramu ulisomeshwa chuoni sirudii, leo nakujibu kinesi.

Kwa mkojo, jasho na pumzi inatoka kidogo mno, haizidi asilimia 10. Ile mikojo ya kila dakika ni maji yake mwenyewe, pombe inaizima homoni inayoiambia figo irudishe maji mwilini. Ilobaki yote inaliangukia ini, linaigeuza kwanza kuwa asetaldehaidi, hio ni sumu kuliko pombe yenyewe, ndo linaigeuza tena kuwa aseteti ambayo mwili unaweza kuichoma kama kuni. Na pombe haina ghala mwilini, sukari ina pa kuwekwa, mafuta yana pa kuwekwa, yenyewe haina, kwa hiyo ikiingia ini linaacha kila kitu. Unakumbuka karafuu ziko uwanjani wingu likafunga? Mie naacha chungu motoni, babaako anaacha kahawa yake barazani, wewe daftari huko, sote mbio kwenye majamvi. Na chungu kinaungua.

Sasa chungu chenyewe ni sukari. Ukilala hujala, ini ndo linalotoa akiba, na akiba ikipungua linatengeneza nyengine. Pombe inaizuia hio kazi ya kutengeneza. Na umesema huyo hajala tangu mchana! Sijampima siwezi kuapa, lakini jasho na kuanguka kule mie nashuku sukari. Niliwahi kuletewa kijana wodini, walomleta wanacheka ati tungi, nikamtoboa kidole mashine ikasoma 2.1, na mtu mzima asipungue kama 4. Sukari ya mshipa haijesha kuingia kafumbua macho anauliza viatu vyake viko wapi. Kwa hiyo siku nyengine, akiwa anajitambua mpeni kitu kitamu haraka, akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, hospitali moja kwa moja.

Hamkukosea sana lakini. Chupa ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe, na ini linasafisha kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, wengine zaidi kidogo. Bia tano hizo gramu 100, piga hesabu mwenyewe, kamaliza saa nane usiku yuko kazini saa moja asubuhi, mwilini bado imo. Kahawa haiharakishi kitu, wala kuoga maji ya baridi.

Mafuta nayo yanaachwa hayachomwi, yanajikusanya kwenye ini lenyewe, na haliumi, ndo ubaya wake. Akiacha kunywa, wiki chache tu mafuta yanaanza kupungua, likishakuwa kovu tupu ndo basi tena. Na panadol asizifakamie kwa ajili ya hio hangova, ini la mnywaji wa kila siku linageuza sehemu kubwa zaidi ya dawa ile kuwa sumu.

Mikate ya ufuta nakutumia na boti ya Jumamosi, mpe na yeye, asilale na njaa.

Na voisi yako pale katikati umesema "tukaagiza". Nipigie baada ya isha, babaako akiwa msikitini.