Kizibao cha mifuko porini: ninavyopanga vifaa vya kuwindia huku Tabora

Msimu wa kuwinda ukikaribia, vijana wa Sikonge, Urambo na hata Nguruka upande wa Kigoma huniuliza swali lilelile: kile kizibao chako chenye mikanda mikanda kinauzwa wapi, na kweli kinasaidia? Kinasaidia sana. Ila nimeona wengi wakishakipata wanakigeuza stoo. Kila mfuko umejaa, kila mkanda unaning'inia kitu, na mtu akipita kwenye majani makavu anasikika kama muuza sufuria wa mnadani. Kuna traka mmoja mzee, msoma nyayo, niliyekuwa namfuata kwenye kitalu cha uwindaji, alimtazama kijana wa namna hiyo kuanzia mabegani hadi kiunoni, akamuuliza taratibu: "Kijana, wewe unawinda au unahama?"

Kwa hiyo leo sizungumzii kununua tu. Nazungumzia kupanga.

Kwanza, kwa nini ubebe vitu mwilini wakati gari lipo? Kwa sababu sheria inakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, na hata isingekataza, miombo ya Tabora haipitiki kwa gari unavyotaka. Ukikuta nyayo za pofu au korongo (yule mnyama wa pembe, si ndege) alfajiri, unashuka na kuzifuata kwa miguu, na unaweza kuzifuata mpaka jua la utosi. Gari limebaki nyuma kabisa. Ulichonacho ni kile ulichobeba, na mikono yote miwili inatakiwa iwe huru kwa ajili ya bunduki na fimbo za kulengea. Begi la mgongoni linabeba vingi, lakini kila ukitaka kitu lazima usimame, ulivue, uinamie. Mnyama anayekutazama hakupi muda huo.

Sisi Wanyamwezi kubeba mizigo ni jadi. Karne ya 19 wazee wetu walibeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya Unyanyembe, huku huku Tabora, na Bagamoyo. Lakini mpagazi alikuwa na ruhusa ya kuimba njiani. Mwindaji hana ruhusa hata ya kukohoa.

Kabla hujatoa hela, angalia rangi. Hapa sina mzaha. Vizibao hivi vilianzia jeshini: mfumo wake unaitwa MOLLE, ulibuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani na ukaanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana vingi vinavyokuja kwenye mitumba vina madoadoa ya kijeshi. Usikiguse hicho, hata ukiuziwa bei ya kutupa. Nchini kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Sasa fikiria umevaa madoadoa, una bunduki begani, umefika kizuizini kwenye njia ya Kasulu au Kibondo, karibu na mpaka. Hata kama leseni yako ni safi, siku hiyo huwindi tena. Na vile vizito vyenye nafasi ya kuwekea vyuma vya kuzuia risasi waachie wenyewe. Swala hajibu mapigo.

Cheusi nacho hapana, na buluu ndiyo kabisa. Aliyewahi kutembea huku kwetu anawajua mbung'o. Vitambaa wanavyotumia wataalamu kuwatega ni vya buluu na vyeusi, maana rangi hizo zinawavuta. Ukivaa kizibao cheusi umejigeuza mtego unaotembea. Chukua kaki, kahawia au kijani kilichofifia kisicho na michoro yoyote.

Usipokipata, fundi cherehani anaweza kukushonea, mradi umpe vipimo sahihi na umsimamie. Siri yote ya kizibao hiki iko kwenye ile mistari ya mkanda iliyolala kifuani na ubavuni. Mkanda una upana wa inchi moja. Nafasi kati ya mstari na mstari ni inchi moja. Kila mstari unapigwa mshono wa kukaza kila baada ya inchi moja na nusu, ili vibaki vitundu vya kupitishia mikanda ya vipochi. Vipimo hivyo ni vilevile dunia nzima, ndiyo maana kipochi cha kiwanda hiki kinakaa kwenye kizibao cha kiwanda kingine. Fundi akikuambia "nitakadiria kwa macho, bosi", toa futi mfukoni mwako, kwa sababu akikosea robo inchi kwenye kila mshono, kufika mwisho wa mstari vipochi havikai. Mwambie atumie ule mkanda wa nailoni wa mabegi. Mkanda wa gari, ule wa kujifunga kwenye kiti, ni imara lakini ni mpana mno. Uzi uwe wa nailoni, ule wa mafundi viatu. Kwa mgongo mwambie aweke kitambaa cha wavu, Oktoba ya Tabora utamshukuru.

Kufunga kipochi ndiko kunakowashinda wengi. Wanachukua ule mkanda wa nyuma ya kipochi na kuupitisha moja kwa moja chini ya mistari yote ya kizibao, basi. Kipochi kinabaki kinacheza, na ukikimbia kinakupiga mbavu. Inatakiwa usuke kama unavyosuka ukili: ncha ipite chini ya mstari wa kwanza wa kizibao, irudi chini ya mstari wa kipochi chenyewe, iende tena kwenye mstari wa pili wa kizibao, hivyo hivyo mpaka chini, ndipo ubane kifungo. Kipochi kilichosukwa vizuri ukikivuta, kizibao chote kinakuja nacho. Kisipokuja, fungua urudie.

Sasa mpangilio. Naeleza kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze.

Bega la kulia liwe tupu kabisa. Kitako cha bunduki kinakaa hapo, na kitu chochote chini yake, hata mshono mnene wa sponji, kinakisogeza kitako na jicho halikutani na darubini ya bunduki kama ulivyozoea. Ukinunua kizibao chenye mabega manene, mpe fundi ayapunguze upande huo. Na ukishakizoea, nenda ukajaribu bunduki yako ukiwa umekivaa. Watu wanalenga shabaha kwa shati jepesi halafu wanakwenda porini na kizibao, kisha wanailaumu bunduki.

Kifua cha mbele na tumbo viwe vyembamba. Kuna siku utatambaa, tena mwendo mrefu, na kipochi kinene tumboni kinakuinua juu ya majani. Vitu vinene vyote vinahamia ubavuni na nyuma ya kiuno, na kiuno chenyewe kikazwe mkanda, ili uzito ukae kwenye nyonga, mabega yapumzike.

Kifua cha kushoto juu naweka kitu kidogo kuliko vyote na chenye kazi kubwa kuliko vyote: kifuko cha majivu. Kitambaa cha pamba kilichochakaa, majivu laini yaliyochekechwa, fundo moja. Mkono wa kushoto unakifikia bila kuangalia, unakitikisa kidogo, na vumbi lile linakuonyesha upepo unakwenda wapi. Nakifunga kwa kamba fupi nje ya kipochi ili nisifungue chochote. Watu wananunua vifaa vya bei mbaya vya kupima upepo wakati jiko la mkaa liko uani.

Risasi zikae kiunoni kulia, mbele kidogo ya mfupa wa nyonga, kila moja kwenye kitanzi chake na kifuniko juu. Mkono wa kulia ndio unaofungua bolti ya bunduki, basi ndio utakaochukua risasi. Ukiwa unafuata nyati una aina mbili, zile laini zinazotanuka na zile ngumu zinazopenya. Usizichanganye kamwe kwenye kipochi kimoja. Mimi laini ni kulia, ngumu ni kushoto, na hazihami. Kwenye hekaheka macho yako yako kwa nyati, hayana muda wa kusoma ncha ya risasi.

Kisu kiko kiunoni kushoto kwenye ala ngumu, mpini juu. Darubini ya mkono iko katikati ya kifua, fupi, imekazwa isibembee. Jipiesi ya kuonyesha njia, kiberiti cha gesi, filimbi na tochi ya kichwani vinaingia kipochi kimoja cha ubavuni, maana hivyo ni vitu vya kutumia ukiwa umesimama na umetulia.

Kipochi cha huduma ya kwanza kina sheria yake: kikae mahali pamoja kwa kila mtu kwenye kundi. Sisi tunakiweka nyuma ya nyonga ya kushoto, na juu yake kuna kipande cha kitambaa chekundu kinachofunikwa na ulimi wa kipochi. Sababu ni kwamba atakayekifungua hicho kipochi huenda si wewe, ni mwenzako, na wewe uko chini. Ndani kuna bandeji pana, shashi, mkanda wa kukaza damu inayoruka na glavu. Mkanda huo si wa nyoka, jamani. Aliyeumwa na nyoka hakazwi wala kuchanjwa chale. Anatulizwa, kiungo kinazuiwa kisitikisike, anabebwa hospitali.

Leseni ya kuwinda na kibali cha silaha ninaviweka kwenye mfuko wa plastiki, mfuko wa ndani wa kifuani, ambao haufunguliwi kwa kazi nyingine yoyote. Askari wa wanyamapori akitokea kwenye kichaka hataki kusikia kwamba karatasi ziko kwenye gari. Na ujue unakoruhusiwa: Mto Ugalla, ambako wazee wengi walizoea kama pori la akiba, tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Huko hakuna kuwinda tena, hata uwe na kizibao kizuri namna gani.

Maji yanakaa mgongoni, katikati, kwenye mfuko laini wenye mrija. Lita 3 ni kilo 3, hakuna ujanja hapo. Nauchagua mfuko laini kwa sababu ya sauti: chupa iliyofika nusu inacheza maji kila hatua, na kwenye utulivu wa asubuhi sauti ile inafika mbali. Mfuko laini unaukamua hewa, unafunga, unanyamaza. Ubaya wake ni kwamba maji ya kwenye mrija yanachemka kwa jua. Tema lile funda la kwanza, au livumilie.

Uzito wote wa kizibao, pamoja na maji, mimi sipitishi kilo 6. Kipime. Huku kwetu penye tumbaku hapakosi mizani.

Baada ya kupanga, fanya jaribio la uani: vaa kila kitu, funga kila kitu, kisha rukaruka. Watoto watacheka, waache wacheke. Sikiliza kinacholia. Mara nyingi ni funguo za gari, sarafu, na vile vyuma vya kuvutia zipu. Funguo zivishe soksi, sarafu zibaki nyumbani, vyuma vya zipu vikate ufunge kamba. Velkro ndiyo adui mkubwa. Palahala anaweza kukuvumilia ukiwa umesimama kama mti, lakini ile sauti ya kuchanika hawezi kuivumilia. Vipochi unavyovifungua ukiwa karibu na mnyama viwe vya vishikizo au kamba ya mpira. Velkro iachie kipochi cha huduma ya kwanza, ukikifungua hicho hujali tena kelele.

Kuhusu usafi sina mengi. Sabuni ya mche isiyo na marashi, brashi, na ukianike kivulini, maana jua kali la siku nyingi linaozesha nailoni. Ukipita kwenye upupu, usikivae tena kabla hujakikung'uta na kukiosha, kwa sababu nywele zake zinajificha katikati ya ile mistari ya mkanda na zitakutafuna shingo wiki nzima. Kambini kining'inize kwenye tawi, na asubuhi kikung'ute kila mfuko. Nge anapenda kipochi cha risasi kuliko wewe.

Uzuri wa mwisho ni kwamba kinabadilika kazi. Mdogo wangu ni mrina asali, na wakati wa kurina huwa ananiazima. Natoa vipochi vyote vya risasi, nakagua kila mfuko kwa kidole mpaka pembeni, kwa sababu risasi moja iliyosahaulika kwa mtu asiye na kibali ni kesi. Yeye anasuka vyake: kisu, kiberiti, kamba ya kushushia ndoo, chupa ya maji. Mikono yake inabaki kwa ajili ya bomba la moshi na mti. Kinarudi na nta kwenye vifungo kila mara. Nta hiyo ikwangue alfajiri ikiwa bado imeganda. Ukisubiri jua lipande inalainika na kuingia ndani ya nyuzi, na hapo haitoki tena.