Hawk ya mafunzo na Hawk ya vita: tofauti iko wapi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nasoma kwamba Hawk ya Uingereza ni ndege ya kufundishia marubani, lakini Oman wanayo ya kivita. Je, wamefunga makombora tu, au ndege yenyewe imebadilishwa?

JIBU: Marahaba. Kufunga makombora ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Hawk, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, iliundwa tangu awali iweze kubeba silaha, maana mwanafunzi lazima ajifunze na kulenga pia. Miaka ya 1980 Waingereza waliziwekea Hawk zao kadhaa makombora ya Sidewinder zisaidie kulinda anga yao, lakini zilipangiwa kuruka pamoja na Phantom, ndege za kivita zenye rada. Sababu ni moja: Hawk hizo hazikuwa na rada. Rubani wa Hawk angemwona adui kwa macho yake tu, au angoje kuelekezwa na mwenzake.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na Hawk 200, iliyoruka mwaka 1986. Kiti kimoja kiliondolewa, pua ikaundwa upya kubeba rada ya APG-66H, ya ukoo mmoja na ile ya ndege za kivita za F-16 za mwanzo, na ncha za mabawa zikawekewa reli za makombora. Wateja wake ni Oman, Malaysia na Indonesia.

Kisichobadilika ni aina ya injini: Adour moja, isiyo na mfumo wa kuchoma mafuta ya ziada kwenye bomba la moshi ili kuongeza msukumo. Ikiruka sambamba na ardhi, Hawk 200 hufikia kama kilomita 1,000 kwa saa, chini ya mwendo wa sauti. Ndege za kivita za F-5 za Kenya, nchi iliyonunua pia Hawk za mafunzo, huupita mwendo huo. Kwa hiyo Hawk 200 inafaa sana kushambulia ardhini na kufanya doria, ila kumkimbiza adui mwenye kasi haiwezi, wala kumtoroka. Nchi isiyo na fedha nyingi inaweza kuridhika nayo, mradi isiipeleke kwenye kazi hiyo.

Ukitaka kuitambua pichani, hesabu viti. Usidanganywe na pua ndefu: Hawk 100 ya viti viwili nayo imerefushwa pua, lakini humo mnakaa leza na kamera ya joto. Rada haina.